Wakakata Maua, Wakaitupa Kanzu

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi yaliyosomwa redioni)

Tunazungumza nanyi kutoka Baba Dogo, upande wa Eastlands wa jiji la Nairobi, mahali penye viwanda na nyumba za kupanga. Alfajiri kama hii njia zetu zimejaa watu waendao kazini kwa miguu, wengine wakitoka Korogocho, wengine Kariobangi, wengine Lucky Summer. Wako kati yenu watakaosikia maneno haya wakifunga viatu, na wako watakaoyasikia kwa redio ya jirani kupitia ukutani. Nyote mwakaribishwa.

Asubuhi hii twataka kuzungumza juu ya nguo za kale. Msiseme, “Nguo za kale zatuhusu nini sisi tulio na nguo za leo za kufua?” Vumilieni kidogo, nasi tutafika.

Katika majumba makubwa ya makumbusho ya ulimwengu, kama vile Victoria and Albert huko London, Louvre huko Paris na Metropolitan huko New York, vimehifadhiwa vipande vidogo vya sufu. Kimoja ni duara la ukubwa wa sahani. Kingine ni ukanda mwembamba kama mshipi. Kingine ni mraba. Ndani yake mna sungura, samaki, ndege, mizabibu, wacheza ngoma, misalaba, na watakatifu wenye macho makubwa. Wekundu wa sufu ile ungali unawaka, ingawa mikono iliyoitia rangi imekuwa mavumbi kwa zaidi ya miaka 1,000. Kando yake pana kadi ndogo iliyoandikwa: kazi ya Wakopti, Misri, na karne yake. Jina la mfumaji halipo.

Wakopti ni Wakristo wa Misri. Jina lao latokana na neno la Kiyunani la nchi ya Misri, ambalo Waarabu walilitamka Qibt. Wao husimulia kwamba Marko Mwinjilisti ndiye aliyewaletea Injili huko Aleksandria. Waarabu walipoitwaa Misri, kati ya mwaka 639 na 642, Wakopti hawakuacha kufuma. Karne baada ya karne waliendelea, na huko Fayum zilifumwa nguo za sufu zenye maandishi, nyingine kwa Kikopti na nyingine kwa Kiarabu. Hapa kwetu Kanisa lao si geni. Mwaka 1976 Askofu Antonius Markos aliwekwa wakfu na Papa Shenouda wa Tatu kwa ajili ya kazi ya Afrika, akaja Kenya; na hospitali yao iliyoko Ngong Road wengi wenu mwaijua.

Sasa sikilizeni jinsi nguo ile ilivyofanywa, maana mahubiri yote ya leo yamo ndani yake.

Fundi alianza kwa kutanda nyuzi za kitani juu ya kitanda cha kufumia. Nyuzi hizo zilizovutwa na kukazwa huitwa mtande. Kisha alipitisha uzi mwingine kati yake, juu na chini, juu na chini. Huo ndio mshindio. Kitani hakishiki rangi vizuri, bali sufu huishika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kanzu aliifuma kwa kitani kitupu, kisichotiwa rangi. Palipotakiwa ua au ndege alileta sufu ya rangi, akaipitisha, akaishindilia kwa nguvu, safu juu ya safu, hata mtande wa kitani ukafunikwa usionekane hata kidogo. Baadaye nguo za sufu tupu nazo zikazidi kuwa nyingi.

Nyekundu ilitoka katika mizizi ya mmea. Buluu ilitoka katika majani. Manjano nayo ilitoka katika mmea mwingine. Zambarau ya wafalme ilitoka kwa konokono wa baharini, nayo ilikuwa ghali mno. Lakini wataalamu walipochunguza sufu hizi katika maabara waliona kwamba zambarau yake mara nyingi si ya konokono. Mtia rangi alichovya sufu katika buluu, kisha katika nyekundu, na mtu asiye na mali ya kifalme akapata naye kuvaa zambarau siku ya sikukuu.

Tena, kanzu nyingi zilifumwa kipande kimoja. Fundi alianza na mkono mmoja, akaingia kiwiliwili, akaacha tundu la shingo, akamaliza na mkono wa pili. Kwa sababu hiyo kitanda chake kilihitaji upana wa zaidi ya mita 2. Kanzu ilipotolewa ilikuwa kama msalaba uliolazwa chini. Ikakunjwa mabegani, ikashonwa mbavuni, ikavaliwa. Mara nyingi maua yale hayakushonewa juu baadaye. Yalifumwa pamoja na kanzu, katika mtande ule ule.

Watu walizivaa nguo hizi mpaka zikachakaa. Twajua hivyo kwa sababu ya viraka. Kuna zilizotatizwa kwa uzi wa rangi nyingine, na kuna pambo lililotolewa katika kanzu iliyokwisha likashonewa kanzu nyingine. Kuna kanzu zilizokunjwa na kushonwa kiunoni ili kuzifupisha, na kina mama mnajua faida ya kunjo la namna hiyo katika nguo ya mtoto: mwakani akirefuka hufumuliwa. Mama wa Misri na mama wa Baba Dogo anayenunua sweta ya shule yenye mikono mirefu kuliko mtoto wangeelewana bila mkalimani.

Halafu mwenye nguo alikufa. Desturi ya zamani ya Wamisri ya kukausha maiti ilikuwa imefifia, kwa hiyo walimzika akiwa amevaa nguo zake alizovaa akiwa hai, wakamzungushia na nyingine juu yake. Walimlaza pembeni mwa jangwa, mahali pasipofika maji ya mto Nile. Mchanga mkavu ulitunza kitani na sufu, ukatunza na alama za mwili ulioyeyuka ndani yake.

Zikapita karne nyingi. Kuanzia miaka ya 1880 wachimbaji na wafanya biashara waliyafungua makaburi ya Akhmim, ya Fayum, na ya Antinoe, ambako Mfaransa Albert Gayet alianza kuchimba mwaka 1896. Wakatoa nguo kwa maelfu. Na sasa, ndugu zetu, ndipo lilipotokea jambo linalotuleta mbele yenu leo.

Walichukua mikasi.

Wanunuzi wa Ulaya walitaka rangi. Walitaka sungura na mtakatifu. Kitani kitupu chenye madoa hakikuwa na mnunuzi. Basi mara nyingi wauzaji walikata maua, wakakata kanda za kifuani, wakakata duara za mabegani na za magotini, na kanzu yenyewe wakaitupa. Pengine vipande vya nguo moja viliuzwa mbalimbali, kimoja kikaenda mji huu na ndugu yake mji ule. Ndiyo maana leo majumba ya makumbusho yamejaa vipande vya ukubwa wa kiganja, na kanzu kamili ni chache.

Wataalamu wa leo wanasikitika. Kipande kikiwa peke yake hakisemi mengi. Kilivaliwa na mwanamume au mwanamke? Na mtu mzima au mtoto? Kilikuwa begani au gotini? Alizikwa na nini, na nani kando yake? Majibu yalikuwa katika kile kitambaa kitupu kilichotupwa. Waliokata walidhani wanahifadhi kilicho bora, kumbe wanapoteza maana yake.

Mwakumbuka habari ya Yusufu. Wafumaji wa Kikopti waliipenda sana. Wao na vizazi vyao waliifuma katika duara za sufu nyekundu, ndoto zake, na ndugu zake, na kuuzwa kwake, watu wakaivaa mabegani. Habari ile yaanza na kanzu. Ndugu zake walimvua, wakaichovya kanzu katika damu, wakampelekea baba yao nguo bila mtoto. Yakobo aliitazama ile nguo nzuri, na nguo nzuri haikumfariji. Duara hizo nazo leo zimo katika makumbusho, zimekatwa katika kanzu zake. Tumeletewa pambo bila nguo, na nguo bila mtu.

Lakini iko kanzu nyingine. Mwinjili Yohana atuambia kwamba kanzu ya Bwana ilifumwa nzima toka juu, haikuwa na mshono, na wale askari waliomsulibisha walipoishika hawakuipasua. Waliipigia kura. Watu wale walikuwa wagumu. Muda mfupi tu mikono yao ilikuwa imeshika misumari. Hata hivyo walijua ya kwamba kitu kilichofumwa kizima kikipasuliwa hakuna anayepata faida. Yawezekanaje basi sisi tusijue walilojua askari wa Pilato?

Twasema haya kwa sababu ya neno tulilolisikia hapa mtaani.

Jirani yetu mmoja alishona makola ya mashati katika kiwanda kimoja kwa miaka 19. Yeye alikuwa wa makola tu. Mwingine alikuwa wa mikono, mwingine wa vitundu vya vifungo, mwingine wa kupiga pasi. Macho yake yalipopungua nguvu aliambiwa asirudi Jumatatu. Tulipokwenda kumwona alikuwa ameketi mlangoni pake, akifumua sweta ya mtumba ili apate nyuzi za kufumia nyingine. Hakulia. Alituuliza tu: “Miaka yote hii nimeshona makola. Sijawahi kushona shati zima hata moja. Sasa hiyo kazi yangu iko wapi?”

Mmoja wetu alimjibu, “Mama, kazi yako Mungu anaijua.” Akaitikia kwa adabu, “Asante, mwanangu,” akaendelea kufumua uzi wake. Tuliona ya kwamba jibu lile ni la kweli, lakini limefika kabla ya wakati wake, kama chai iliyomiminwa kabla ya maji kuchemka.

Swali lake si lake peke yake. Hapa kwetu watu wengi wanaliuliza kimya kimya. Wako walioshona katika viwanda vya nguo vya nchi hii mpaka miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, na viwanda vingi vikafunga milango. Wako walioitwa tena baada ya mwaka 2000, Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA na mashine zikaanza kulia kwa ajili ya maduka ya ng’ambo. Wako vibarua wanaosimama langoni tangu saa kumi na mbili wasijue kama leo watahesabiwa ndani au watarudishwa. Wako wanaofagia, wanaopakia, wanaobeba. Kila mmoja ameshika kipande. Ni nani kati yao aliyewahi kuona shati zima na kusema, “Hili ni langu”?

Basi tuitazame tena ile sufu ya Misri, tumtafutie jirani yetu jibu lililochemka.

Ukilitazama lile ua jekundu, huuoni mtande. Umefunikwa kote. Ukiligeuza upande wa pili, hata huko huuoni. Lakini jaribu kuvuta nyuzi zile za kitani, uzi mmoja mmoja, mpaka ziishe. Sungura atakwenda wapi? Ndege atasimama wapi? Sufu yote itaanguka chini iwe fungu la nyuzi za rangi, kama lile lililokuwa mapajani mwa jirani yetu. Hakuna ua bila mtande. Mtande ulibeba uzito wote, ukavutwa na kukazwa kuliko uzi mwingine wowote, na hakuna aliyeusifu.

Mama, kazi yako iko hapo. Iko katika shingo za watu usiowajua, waliokwenda kazini, na arusini, na kanisani, wakiwa nadhifu. Iko katika karo iliyolipwa na unga ulioliwa. Haionekani kwa sababu imebeba. Wafumaji wote wa Akhmim na wa Fayum ni wafu wasio na majina, nasi hatuwezi kuyarudisha majina yao. Lakini hakuna hata kipande kimoja katika makumbusho hayo kisichokuwa mikono ya mtu. Na Mungu tunayemwamini, ambaye mwana wake alivaa kanzu iliyofumwa na mikono isiyotajwa, haokoti maua tu akatupa nguo.

Lakini tukikoma hapo, wapendwa, tutakuwa tumemtuliza aliyeumizwa na kumwachia mikasi aliyemkata. Maana mtande haufarijiwi kwa kusifiwa, wapaswa kutunzwa. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia una sauti, nayo sauti hiyo imefika masikioni mwa Bwana. Ndiyo maana twasema na kila mwenye kuajiri anayetusikia, awe na kiwanda au awe na msichana mmoja wa kufua nguo siku ya Jumamosi: anayechukua kazi ya mtu akamtupa mtu huyo anafanya kama wale wauza maua wa Akhmim. Apata pesa leo, na apoteza kitu ambacho pesa haitakirudisha.

Hata katika makanisa yetu mikasi ipo. Siku ya harambee mwenye kitita hutajwa jina mara tatu, akaitwa mbele, akapigiwa makofi. Hiyo si mbaya. Ua ni zuri, nasi hatusemi lisifumwe. Lakini yule aliyeamka kufagia kanisa, na yule aliyechota maji ya chai, na yule mzee anayefunga mlango baada ya wote kuondoka, wako wapi katika hesabu yetu? Tukiwakata hao, tutabaki na duara zuri nyuma ya kioo.

Tufanye nini basi? Twawaachia mambo matatu ya juma hili.

Kwanza, mlipe kibarua siku ile ile aliyofanya kazi. Usimwambie aje kesho, maana kesho yake ina njaa yake.

Pili, uliza jina. Yuko mtu unayepita kwake kila asubuhi langoni, au anayekuuzia mandazi, au anayezoa taka za ploti yenu, nawe hujui aitwaje. Wafumaji wa kale hatuna namna ya kuwauliza. Huyu yupo, na jina lake analo mdomoni. Muulize, na kesho umwite kwalo.

Tatu, kwenu nyinyi ambao kazi imewaacha, kama jirani yetu: msijikate wenyewe. Msiseme, “Mimi nilikuwa kola tu.” Waelezeni watoto wenu mlichofanya, jinsi mashine ilivyolia, jinsi mlivyoanza, nani alikaa kando yenu. Nguo hueleweka ikiwa nzima.

Kabla hatujafunga, tuwaambie habari ya kitu kimoja kidogo. Katika jumba la British Museum huko London mna soksi ya mtoto, soksi moja, ya mguu wa kushoto, ya sufu yenye mistari ya rangi. Ni ya zamani kuliko nguo nyingi tulizozitaja, ya karibu mwaka 300. Kidole gumba kimetengwa mbali na vingine, ili mtoto apate kuvaa ndara. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza jinsi walivyoichunguza kwa mwanga wa namna mbalimbali bila kuikata, wakaona ya kwamba rangi zake zote zilitokana na mimea mitatu tu, ya nyekundu, ya buluu na ya manjano, zikachanganywa kwa ustadi. Na soksi hii, iliyochimbuliwa Antinoe katika msimu wa 1913 hadi 1914, haikutoka katika kaburi la mtu mkubwa. Ilitoka jaani.

Sisi tunaokaa karibu na jaa la Dandora twaelewa vema jaa ni nini. Twajua mji mzima unavyolitazama, na unavyowatazama wanaochakura humo. Lakini mtu fulani alimfumia mtoto wake soksi ya mistari, ikapotea, ikatupwa, na baada ya miaka 1,600 ikaokotwa ikiwa ingali na umbo la mguu mdogo. Upendo uliotumika katika kuifuma haukupungua kwa sababu ilitupwa. Na safari hii waliochunguza hawakuchukua mikasi. Wamejifunza.

Nasi tujifunze. Tuombe.

Ee Bwana, uliyetuumba tumboni mwa mama zetu kama kazi ya mfumaji, asubuhi hii twakuletea watu wa Baba Dogo na wa kila mtaa unaotusikia. Wakumbuke wanaosimama langoni. Wakumbuke walioambiwa wasirudi. Tuondolee mikasi mikononi. Utufundishe kumwona aliyebeba bila kuonekana, na kumlipa, na kumwita kwa jina lake. Amina.

Mwende kazini kwa amani. Na ukipita mlangoni kwa jirani, msalimu.